Stima ilisingiziwa: kisa cha monita ya Kibokoni

Kompyuta hii ilifika mezani kwangu ikiwa imeshahukumiwa: stima imeunguza VGA, yaani tundu la kutolea picha. Hukumu ilitolewa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, katika duka la Bi mkubwa mmoja anayechapa kadi za mialiko, mitihani ya madrasa na barua za watu, na aliyeitoa ni mpwa wake, kijana anayeijua kompyuta kiasi cha kuthubutu kuifungua. Hakuwa mjinga. Usiku stima ilikatika ikarudi, asubuhi skrini ikawa nyeusi. Nani asingeyaunganisha hayo mawili? Nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa kirefu kwa sababu kila hatua aliyopiga kijana ilikuwa na mantiki yake, na kila hatua ilizidi kumweka mbali na ugonjwa wenyewe.

Vyombo kwanza. Sipiyu, yaani kasha lenyewe la kompyuta, ni ya zile nyeusi za ofisini zinazouzwa mitumba, prosesa yake Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 2 za DDR2, ndani Windows 7. Monita ni bapa ya inchi 17, umbo lake karibu na mraba, ya wakati ule ambapo taa ya nyuma ya kioo ilikuwa mirija myembamba ya floresenti na si LED. Kati yao pana waya wa VGA wenye skrubu mbili za buluu, mmoja wa hizo skrubu umekwisha meno. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, lakini mashine hii haiingii intaneti na kazi yake ni kuchapa na kutoa karatasi tu, kwa hiyo hilo sikuligusa. Anayetaka kuniambia mashine yenyewe ni ya kutupwa asubiri nifike kwenye hesabu.

Wakati ulikuwa Mfungo Sita. Kwa wasio wa pwani, huo ndio mwezi wa Maulidi, na kwa duka kama lile ni msimu: kila msikiti, kila madrasa, kila nyumba yenye nadhiri yataka kadi. Bi mkubwa alikuja mwenyewe, amemtanguliza mpwa na mkokoteni.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Hii yataka mganga, si fundi."

Nikamuuliza ilikuwaje kabla ya usiku ule wa stima.

"Kabla ya hapo ilikuwa nzima."

"Nzima kabisa? Asubuhi ukibonyeza yawaka papo hapo?"

Akacheka. "Ah, asubuhi ina kiburi. Kile kitaa chake chafumba, chafumbua, mpaka itake yenyewe. Mimi tangu Mfungo Tatu siizimi tena."

"Na usiku?"

"Naifunika leso, vumbi lisiingie, nafunga duka naenda zangu."

Mpwa alikuwa anatikisa kichwa kwa kukosa subira, anataka tufungue sipiyu tuione hiyo VGA iliyoungua. Lakini kwa maneno ya shangazi yake kesi ilikuwa imeshageuka. Monita inayochelewa kuwaka asubuhi, kisha ikishapata moto ikafanya kazi mchana kutwa bila lalama, hiyo haijaguswa na stima. Hiyo inazeeka, na inazeeka mahali panapojulikana. Kwa miezi mitatu ilikuwa haipewi nafasi ya kupoa: haizimwi, kwa hiyo haianzi upya ikiwa baridi, kwa hiyo ugonjwa hauonekani. Usiku ule stima ilipokatika kwa saa kadhaa, monita ikapoa kwa mara ya kwanza tangu Mfungo Tatu, tena katika majira ya kusi ambapo alfajiri za Mombasa zina ubaridi kidogo. Asubuhi ikaambiwa ianze. Haikuweza. Stima haikuunguza kitu, iliondoa kifuniko.

Sikuyasema hayo wakati ule, kwa sababu bado yalikuwa dhana, na mpwa alishaingia gharama kwa dhana yake. Tuione dhana yangu kwanza mezani.

Kwenye tatizo la skrini nyeusi, picha ina safari, na swali la kwanza ni imekwama wapi. Inaanzia kwenye prosesa na RAM, inapita kwenye chipu ya picha, inatoka kwenye tundu, inasafiri kwa waya, inaingia kwenye bodi ya monita, na mwisho inahitaji taa ya nyuma ili jicho liione. Watu hukimbilia katikati ya safari, kwenye kadi ya picha, kwa sababu jina lake lina neno "picha". Mimi huanza kwenye ncha mbili, maana zinapimika bila kufungua skrubu hata moja na bila kununua kitu.

Ncha ya kwanza ni sipiyu. Niliichomeka pamoja na kibodi na spika ndogo, bila kujali skrini. Ikatoa mlio mmoja mfupi, ambao kwa mashine nyingi za aina hii ni salamu ya kwamba ukaguzi wa kuwasha umepita. Baada ya muda nikabonyeza Num Lock: taa ikawaka, nikabonyeza tena, ikazima. Kibodi ikiitika hivyo, prosesa ina akili. Kisha ule wimbo mfupi wa Windows ukasikika kwenye spika. Mpwa akanitazama. Sipiyu ilikuwa imefika mpaka mwisho wa safari yake, imekaa kwenye dawati lake inasubiri mtu aitazame.

Ingekuwa kimya, au ingepiga milio mirefu ya kurudiarudia, ningeshuku RAM kabla ya kitu kingine. Mji wa Kale uko baharini kabisa, na hewa ya chumvi hula vidole vya RAM vilivyopakwa dhahabu nyembamba hata vikapoteza mguso. Mara nyingi raba ya kufutia penseli na kipande cha pamba chenye spiriti huzifufua mashine zinazodhaniwa zimekufa. Na ingepiga mlio mrefu mmoja na mifupi miwili, basi kwa BIOS (programu ya kuwashia mashine) ya Award hiyo ndiyo lalamiko la picha, na mpwa angekuwa na haki. Haikupiga.

Ncha ya pili ni monita, peke yake. Hapa ndipo pana kipimo ambacho nashangaa watu hawakitumii. Monita bapa iliyo nzima ukiitoa waya wa VGA ukaiwasha, yenyewe huandika kwenye kioo kwamba haipokei mawimbi, au kwamba waya haujachomekwa. Maandishi hayo hayatoki kwenye kompyuta, yanatoka kwenye bodi ya monita. Kwa hiyo ukiyaona, kioo kinaonyesha, taa ya nyuma inawaka, na bodi ina moto, yaani stima inaifikia. Shida iko nje yake. Usipoyaona, shida iko ndani yake, hata uiunganishe na kompyuta ya ikulu.

Niliichomoa waya, nikaichomeka kwenye ekstensheni, nikabonyeza. Kitaa cha kijani kikawaka, kikazima. Kikawaka, kikazima. Hakuna maandishi. Nikaweka sikio nyuma yake: tik, tik, tik, kwa kipimo kilekile cha kitaa. Nikamulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande, maana taa ya nyuma ikifa peke yake picha hubaki hafifu na tochi huifichua kama kivuli; hapakuwa na kivuli. Bodi yenyewe ilikuwa inajaribu kuamka na kuanguka.

Hapo mpwa akatoa hoja nzuri. "Lakini fundi, juzi mchana hii monita iliandika. Iliandika haioni mawimbi. Niliiona mimi kwa macho yangu."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo ndio uliompoteza. Nikamwomba anisimulie siku ile ilivyokwenda. Asubuhi monita haikuwaka. Akaamua stima imeunguza tundu la VGA la madabodi, ile bodi kuu ya sipiyu. Akaiacha monita imechomekwa, kitaa kinapepesa, akaenda Mwembe Tayari kutafuta kadi ya picha. Akapata moja iliyotumika, akarudi alasiri, akaifungua sipiyu, akaichomeka kadi kwenye tundu la PCI Express, lile la kadi za ziada, akafunga, akawasha. Monita ikawaka vizuri. Ikaandika kwamba haipokei mawimbi. Akahitimisha kwamba kadi aliyouziwa ni mbovu, akarudi kwa muuzaji wakakwaruzana, muuzaji akaijaribu kadi mbele yake ikaonyesha picha, wakazidi kukwaruzana.

"Na waya wa VGA ulichomeka wapi?"

"Pale pake pa siku zote."

Pale pake pa siku zote ni tundu la madabodi. Madabodi nyingi za enzi hizo zikikuta kadi ya picha kwenye PCI Express huizima chipu yao ya ndani, na tundu lake la VGA likabaki pambo. Kadi mpya ilikuwa na tundu lake la VGA vidole vinne chini, haina kitu. Yaani asubuhi ile sipiyu ilikuwa nzima na monita ndiyo iliyolala. Alasiri monita ilikuwa imeamka kwa joto, baada ya kupepesa kwa saa nyingi, na sipiyu ndiyo iliyozibwa mdomo. Matatizo mawili yalipishana mlangoni, na kwa mtazamaji yakaonekana moja lililokataa kupona.

Nikaleta monita yangu ya majaribio kuthibitisha. Waya kwenye tundu la madabodi, kadi ikiwa ndani: hakuna kitu. Waya kwenye kadi: picha. Nikazima, nikaitoa kadi, nikarudisha waya kwenye madabodi: picha safi, Windows, faili la kadi za Maulidi liko palepale kwenye dawati. Chipu ya madabodi haikuwa imeungua hata nywele.

Kadi niliishauri irudi ilikotoka. Si kwamba ni mbaya. Tundu la PCI Express lina ruhusa ya kutoa hadi wati 75, na pawa saplai ya umri ule sioni kwa nini ibebeshwe mzigo na joto la ziada ili kuchapa "Tafadhali fikeni bila kukosa". Muuzaji, baada ya kuelezwa kilichotokea, alikuwa muungwana; nitasema baadaye alitoa nini badala yake.

Sasa monita. Hapa nasimama kidogo kwa anayesoma akiwa ameshika bisibisi. Stima yetu ni volti 240. Ndani ya monita inageuzwa kuwa ya moja kwa moja (DC) na kuwekwa kwenye kapasita moja kubwa, kikopo cha kuhifadhi chaji, na hapo huwa kama volti 340, na huweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa plagi. Inveta inayowasha mirija ya nyuma hutoa volti zaidi ya 1000 wakati wa kuanza. Mimi huchomoa, naacha ikae, kisha namaliza chaji ya ile kapasita kubwa kwa balbu ya zamani yenye nyaya mbili, na bado napima kwa mita kabla ya kuweka kidole. Asiye na mita asifungue. Sipiyu unaweza kuifungua ukajifunza. Monita na pawa saplai si mahali pa kujifunzia peke yako.

Fremu ya mbele ilitoka kwa kadi ya plastiki, kucha moja moja, kuanzia chini. Nyuma yake, kwenye matundu ya juu ya kupumulia, palikuwa na utando wa nyuzi za pamba, nyekundu na nyeusi, zimeshikana na vumbi hata zikawa kama zulia. Nilizitambua kabla ya kuuliza. Ni leso. Na kwenye kona, juu ya bati la bodi ambapo pana vuguvugu zuri la kudumu, palikuwa na mayai mawili ya mjusi kafiri, meupe, makavu, yameshapasuliwa na waliokuwa ndani. Bi mkubwa alipoyaona alisema, "Kumbe nalea na wajukuu."

Kwenye bodi ya moto, upande wa volti ndogo, kapasita nne zilisimama pamoja karibu na bati la kupoozea. Kichwa cha kapasita nzima ni tambarare kama meza, kimechanjwa msalaba ili ikizidiwa ipasukie hapo. Mbili zilikuwa zimeumuka kichwa. Ya tatu ilikuwa imepasuka kwenye msalaba na kutoa gamba la kahawia. Ya nne ilionekana haina neno.

Kazi ya hizo kapasita ni kulainisha. Moto unaotoka kwenye transfoma ndogo unakuja kwa mapigo ya haraka mno, nazo huyajaza na kuyamwaga mpaka yawe mstari ulionyooka wa volti 5 kwa ajili ya bodi na volti za juu kidogo kwa ajili ya inveta. Ndani yake mna majimaji. Majimaji yakikauka, ukinzani wa ndani hupanda, mapigo hayalainiki, volti huyumba, na chipu inayolinda bodi huona hatari ikakata. Ikisubiri kidogo hujaribu tena, ikakata tena. Hiyo ndiyo tik tik tik. Na kwa kuwa ukinzani huo hupungua kadiri kapasita inavyopata joto, kule kujaribujaribu kwenyewe kunaipasha moto mpaka siku moja jaribio linapita. Ndiyo maana asubuhi ina kiburi na mchana haina.

Leso ilifanya nini? Mafundi wana kanuni ya kukadiria: kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, umri wa kapasita ya majimaji hupungua kwa nusu. Iliyoandikwa saa 2000 kwa nyuzi 105 hukadiriwa kufika saa 32,000 ikikaa kwenye nyuzi 65, na saa 16,000 ikikaa kwenye 75. Kuifunika monita inayowaka, kila usiku, usiku kucha, ni kuipandisha ngazi hiyo. Ile ya kutozima pia ilikuwa na gharama yake: dawa iliyoficha ugonjwa ndiyo iliyokuwa ikiulisha. Sitaki kumwekea Bi mkubwa lawama yote, kwa sababu miaka ya mwanzo ya 2000 na kidogo kuendelea zilitoka kapasita nyingi duniani zenye majimaji mabovu, na vifaa vya enzi hiyo vilikufa hata kwenye vyumba vyenye kiyoyozi. Yeye aliharakisha tu.

Nilibadilisha zote nne, pamoja na ile iliyoonekana nzima. Kapasita huweza kukauka bila kuumuka, na mita ya kawaida huweza kuisoma kuwa ina mikrofaradi zake zote ilhali ukinzani wake umeshaharibika. Zimezaliwa pamoja, zimepikwa jiko moja, sina haja ya kuifungua tena baada ya miezi miwili kwa ajili ya ya nne. Mikrofaradi nilizifuata zilivyo. Volti unaweza kupanda, usishuke. Joto nyuzi 105, zile za 85 ziache dukani. Aina ni ya ukinzani mdogo, iliyotengenezwa kwa pawa saplai, na hapa ndipo wengi hukosea wanapong'oa kapasita kwenye redio ya zamani kwa sababu tu namba zinalingana. Upana nao upimwe, maana bodi hizi zimebanana. Na mstari wa upande ni wa hasi; ukiigeuza italipuka.

Iliwaka kwa pigo moja. Mpwa akapiga makofi, akaanza kukunja nyaya. Nikamwambia monita inalala hapa. Ugonjwa ulikuwa wa asubuhi, kwa hiyo kuwaka alasiri, baada ya kuguswa na chuma cha kuchomea risasi na kukaa kwenye chumba changu chenye bati juu, si ushahidi wa kitu. Iliwekwa sakafuni, plagi nje, mpaka kesho yake. Kabla ya jua kupanda nikaichomeka bila waya wa VGA. Maandishi yake yakaja kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Hapo ndipo niliposema imepona.

Kisa kingeishia hapo kama Bi mkubwa asingekuwa na macho ya mchapaji. Tulipounganisha vyote dukani kwake, alikaa, akafungua kadi yake ya Maulidi, akasema herufi zina ukungu. Mpwa akasema, "Shangazi, zilikuwa hivyo siku zote." Naye akajibu, "Siku zote nilikuwa nadhani ni macho yangu."

Monita ya inchi 17 ya umbo lile ina pikseli, yaani nukta za picha, 1280 kwa 1024, zimechongwa kwenye kioo, haziongezeki wala kupungua. Windows ilikuwa inaipelekea picha ya 1024 kwa 768, monita ikawa inaivuta ijae, na herufi zikawa zinaangukia nusu huku nusu kule. Nikaenda kwenye mipangilio kuipandisha: 1280 kwa 1024 haikuwemo kwenye orodha. Na pale penye jina la monita, Windows ilikuwa imeandika kwamba ni monita tu, ya aina isiyotambulika.

Hilo ni fununu ya waya. VGA ilitoka mwaka 1987 na kompyuta za IBM, na mwanzoni monita haikuwa na njia ya kujieleza kwa undani. Njia hiyo ilikuja 1994: pini ya 12 na ya 15 zikapewa kazi ya kupeleka waraka mdogo wa baiti 128, ambamo monita hujitambulisha na kusema vipimo inavyovipenda. Nikauchomoa waya, nikautazama mdomo wake kwenye mwanga wa mlangoni. Pini ya 12 ilikuwa imelala, imesukumwa ndani na mtu aliyeuchomeka kwa nguvu, pengine siku nyingi kabla ya haya yote, upande uleule wenye skrubu iliyokwisha meno. Picha ilikuwa inapita kwa sababu rangi na ulinganifu wa mistari zina pini zake nyingine. Kilichokatika ni mazungumzo tu. Kompyuta, isiyojua inasema na nani, ikachagua kipimo cha tahadhari.

Anayekagua waya wake asiogope akikuta pini ya 9 haipo. Nyaya nyingi huuzwa bila hiyo tangu kiwandani. Na pini zikilala nyingine, dalili huwa za rangi: nyekundu ikikosekana, kila kitu huelekea buluu ya kijani, kijani ikikosekana, zambarau, buluu ikikosekana, manjano. Wenye nembo ya kuwasha inayoonekana vizuri na kisha skrini ikapotea Windows inapoingia, hao waya wao na monita yao ni wazima. Wao watafute draiva, ile programu inayoiongoza chipu ya picha, au kipimo cha picha kilichowekwa juu kuliko uwezo wa monita, na kwa Windows 7 wabonyeze F8 wakati wa kuwasha wachague kuingia na picha ya kipimo kidogo.

Waya mpya ulitoka wapi? Kwa yule muuzaji wa Mwembe Tayari. Aliipokea kadi yake, akatoa waya wa VGA ambao haujatumika na pesa iliyobaki, akakata kidogo ya usumbufu. Tulipouchomeka Windows ikalitambua jina la monita, 1280 kwa 1024 ikajitokeza, nikafungua ukurasa mweupe uliojaa maandishi, nikabonyeza kitufe cha monita cha kujirekebisha, herufi zikasimama wima.

Bi mkubwa akaisogelea skrini, akarudi nyuma. "Mwanangu, zimekuwa safi. Lakini mbona umezifanya ndogo?"

Na ni kweli, zilikuwa ndogo. Pikseli zikiwa nyingi kwenye kioo kilekile, herufi hupungua. Kosa ambalo wengi hufanya hapo ni kurudisha kile kipimo cha chini, wakabadilisha ukungu kwa ukubwa. Windows 7 ina mahali pa kukuza maandishi kwa asilimia 125 au 150 bila kugusa pikseli. Tukaweka 125. Akachapa jina la msikiti, akalitazama, akasema basi, hapo hapo.

Hesabu niliyoahidi: kapasita nne na kazi yangu hazikufika nusu ya alicholipa mpwa kwa kadi. Monita ya mitumba ya inchi kama ile ingegharimu zaidi, na ingekuwa na kapasita za umri uleule, zimepikwa kwa jirani asiyejulikana. Hiyo ndiyo sababu sikumshauri anunue.

Leso tumekubaliana ivikwe baada ya kuzima na kuchomoa, na monita ikishapoa. Kuzima kila jioni sasa anaweza, kwa kuwa asubuhi itaamka. Mirija ya nyuma, hiyo sikuigusa. Ikiwaka huanza na wekundu kidogo kabla ya kuwa nyeupe, dalili kwamba nayo ina umri, na siku ikifika, picha itakuja kwa sekunde chache kisha kioo kitakuwa cheusi huku kitaa kimetulia na spika zinalia. Kwa tochi kadi ya Maulidi itaonekana kwa mbali. Nimemwonyesha mpwa namna ya kumulika. Hapo sitabadilisha kitu, kwa maana mirija na kazi ya kuiingiza itazidi thamani ya monita yenyewe. Atanunua ya LED yenye tundu la VGA, na sipiyu itabaki ileile.